Wakala ndiye benki

Huduma ya pesa kwa simu inasimama juu ya mtu aliyekaa kibandani. Laini, ujumbe mfupi na namba ya siri kila mtumiaji anavijua, lakini noti hazipiti hewani. Anayetaka kuingiza shilingi zake kwenye simu, au kuzitoa, lazima amkute mtu wa kuzipokea na kuzihesabu. Mtu huyo ni wakala, na huduma nzima hufika pale tu anapofika yeye.

M-Pesa ilianza kama jaribio dogo nchini Kenya mwaka 2005, katika Nairobi na Thika. Kampuni ya Vodafone, kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza, ilikusudia kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa marejesho yao kwa simu. Wateja wakaipatia kazi nyingine: wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, iliinadi kwa jambo moja tu, kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania, na kampuni nyingine za simu nazo zikaanzisha huduma za aina hiyo. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa mjini alimkabidhi bahasha kondakta wa basi au jamaa anayesafiri, kisha akabaki kuomba Mungu ifike salama.

Mtaji wa wakala umegawanyika sehemu mbili: noti zilizomo kwenye droo na floti, yaani salio la pesa za kielektroniki, iliyomo kwenye simu. Mteja akiweka 50,000, droo inaongezeka kiasi hicho na floti inapungua kiasi hicho hicho. Mteja akitoa, mambo yanageuka. Kampuni ya simu haizalishi shilingi mpya. Kila shilingi inayosomeka kwenye simu inatakiwa iwe na mwenzake katika akaunti ya amana benki, jambo ambalo nchini Tanzania husimamiwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye mizani ya sehemu hizo mbili. Wakala wa Kariakoo, Dar es Salaam, hupokea wafanyabiashara wanaoweka mauzo ya siku. Kufika jioni droo imejaa na floti imekwisha. Wakala wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, hasa Desemba wenyeji wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, hukumbana na kinyume chake: kila anayekuja anatoa. Simu yake inaonyesha floti tele, lakini droo haina kitu, na mteja anaambiwa "pesa hakuna, jaribu pale mbele." Ili kusawazisha, inabidi afunge kibanda, apande bodaboda hadi benki au kwa wakala mkuu, na arudi na fedha nyingi kwenye begi. Nauli ni yake. Akivamiwa njiani, hasara mara nyingi ni yake pia.

Nchini Tanzania mtaji huo hugawanywa tena. Juu ya meza moja huwa kuna simu tatu au nne, kila moja na laini ya uwakala ya mtandao wake, na kila laini inadai floti yake. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana kupitisha pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mtumaji alipata nafuu kubwa. Wakala hakuondokewa na mzigo wa kugawa mtaji wake mdogo kwa kampuni kadhaa.

Malipo ya kazi hii ni kamisheni, fungu dogo la makato anayolipa mteja. Mteja naye anayajua makato hayo vizuri; ndiyo maana anayeomba msaada kwa ndugu husema "tuma na ya kutolea." Makato yakipanda, wa kwanza kuumia baada ya mteja ni wakala. Hilo lilionekana Julai 2021, serikali ya Tanzania ilipoweka tozo ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa, kulingana na kiasi. Watu wakarudi kwenye noti, miamala ikapungua, na Septemba mwaka huo tozo ikashushwa kwa asilimia 30.

Faida ya kuwa na wakala karibu imepimwa. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao nchini Kenya. Walilinganisha kaya kwa kuangalia jinsi idadi ya mawakala ilivyoongezeka jirani nazo, wakakadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo, kwenye umaskini. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Kinachoeleweka hapo ni chepesi: mama mwenye genge anayeweza kuweka akiba hatua chache kutoka kwake, na kutumiwa pesa siku mtoto anapougua, halazimiki kuuza mtaji wake kwa hasara.

Wako wanaotabiri kwamba wakala atatoweka, kwa kuwa siku hizi dukani mtu analipa kwa lipa namba. Safari hiyo bado ni ndefu. Mwenye duka akipokea malipo kwa simu, muuza mkaa, kibarua na mkulima anayemletea nyanya bado wanataka noti mkononi, naye anakwenda kutoa kwa wakala. Pesa ya simu itaacha kumtegemea wakala pale tu mnyororo mzima, kuanzia shambani hadi kwa muuza jumla, utakapokubali kulipwa kwa simu, na makato yatakapokuwa madogo kiasi cha kutomfanya mtu afikirie mara mbili.

Hadi wakati huo, kampuni za simu zinapaswa kumlipa wakala wa kijijini kamisheni inayolingana na gharama ya kufuata noti mbali, kumwezesha kutumia floti moja kwa mitandao yote, na kubeba sehemu ya hasara ya wizi. Benki Kuu, inayotoa leseni, ina uwezo wa kulifanya hilo kuwa sharti. Wakala akifunga kibanda, kijiji kizima kimepoteza benki yake.