Verni permanenti nyumbani: faida na hasara zake



Likelemba moja imetuuliza swali ambalo wengi wanalo: je, ni vema wanawake waunganishe feza, wanunue taa na chupa za verni permanenti, wapakane wenyewe nyumbani, na waache kwenda saluni? Vitu hivyo sasa vinapatikana sokoni kwa urahisi, na mabinti wetu wanaviona kila siku kwenye simu. Tujibu kwa utaratibu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Verni ya kawaida, ile ya vijana wanaopita avenyu kwa avenyu wakigonganisha chupa, inakauka kwa hewa. Verni permanenti haikauki kwa hewa. Ni jeli yenye dawa zinazoitwa akrilati. Mwanga wa taa ndio unazifanya zishikane na kuwa ngumu. Kwa hiyo taa si pambo. Jeli isiyopata mwanga wa kutosha inabaki mbichi chini, hata kama juu inang'aa.

Faida zipo. Verni hii inaweza kudumu kama majuma mawili, hata kwa mama anayefua, anayesonga bukari na kutwanga sombe. Verni ya kawaida inapasuka baada ya siku chache tu. Nyumbani unapakwa saa unayotaka, watoto wakiwa wamelala, bila kulipa usafiri. Vyombo ni vyako, unajua nani amevitumia. Na wanawake wanaokaa pamoja, wakishikana mikono na kuzungumza, wanapata pumziko ambalo kazi za nyumbani haziwapi. Hilo si jambo dogo.

Kuhusu feza, chukueni karatasi muandike. Upande mmoja, bei ya saluni mara idadi ya safari zenu kwa mwaka. Upande wa pili, taa, chupa, asetoni, pamba na karatasi ya alumini. Mama anayependeza kucha kwa Noeli na ndoa tu, hatarudisha feza yake. Anayepaka kila mwezi anaweza kuirudisha.

Sasa hasara. Ya kwanza na kubwa ni mzio. Jeli mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuanza kuikataa. Ngozi inawasha pembeni ya kucha, inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge au kupasuka. Wakati mwingine kucha inaachana na nyama yake. Hata kope za macho zinaweza kuvimba, kwa sababu mkono unagusa uso. Mzio huu ukiingia, kwa kawaida hautoki tena maisha yote. Na akrilati zimo pia katika dawa za kuziba meno na katika saruji ya waganga wa mifupa. Mtu anaweza kutafuta urembo leo, akapata shida kwa munganga wa meno miaka mingi baadaye.

Waganga wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo hili mwaka 2018, na walitaja hasa wanaojipaka nyumbani. Ulaya iliamua tangu mwaka 2021 kwamba jeli zenye dawa inayoitwa HEMA zitumiwe na wenye kazi hiyo tu. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 imekataza kabisa dawa nyingine, TPO, kwa tahadhari, kutokana na majaribio yaliyofanywa kwa wanyama. Chupa zilizokatazwa huko zinaweza kutafuta wanunuzi kwingine. Someni karatasi ya chupa. Ile isiyoandikwa kilichomo ndani, muiache sokoni.

Hasara ya pili ni umeme. Tunajua delestaji ya SNEL. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au ukiwa dhaifu, jeli inabaki mbichi, na hapo ndipo mzio unapoanzia. Umeme ukikatika, pangusa jeli kwa pamba bila kuieneza kwenye ngozi, ungoje siku nyingine.

Ya tatu ni moto. Asetoni inayotoa verni inashika moto haraka sana, na mvuke wake unatambaa chini hadi kwenye makala. Usiifungue karibu na mbabula, mshumaa wala taa ya mafuta. Fungua dirisha. Ukimaliza, funga chupa na uiweke mbali na watoto.

Ya nne ni kutoa vibaya. Wengi wanachoka na kubandua kwa meno au kwa kisu. Verni inatoka pamoja na ganda la kucha, na kucha ya mkono inahitaji karibu miezi sita ili iote upya yote. Njia nzuri ni hii: kwaruza juu kidogo kwa tupa ya kucha, weka pamba yenye asetoni, funga kwa alumini dakika kumi hadi kumi na tano, kisha sukuma taratibu. Isipotoka, rudia. Usilazimishe.

Kama mmeamua kupaka, shikeni haya:
- Taa na jeli ziwe za kuendana, na muda ulioandikwa ufuatwe.
- Tabaka liwe jembamba, lisiguse ngozi. Likigusa, futa kabla ya kuwasha taa.
- Vaa glavu zilizokatwa ncha za vidole, kwa sababu mwanga wa taa haufai kwa ngozi.
- Usipake juu ya kidonda au kucha yenye ugonjwa.
- Pumzisha kucha kati ya mara moja na nyingine.
- Ngozi ikianza kuwasha, acha mara moja na umuone munganga.

Mama mjamzito aliyekaribia kuzaa, afadhali atoe verni mapema. Kukiwa na upasuaji, waganga mara nyingi huomba kucha iwe wazi, ili waone rangi yake na kile kipimo cha kidole kisome vizuri. Asetoni na alumini hazitafutwi usiku wa uchungu.

Na mabinti? Mimi ni mwalimu, ninaona vidole vyao darasani. Msichana wa miaka kumi na miwili hana haja ya jeli. Akipata mzio sasa, atabeba mzigo huo miaka mingi. Akitaka rangi siku ya sikukuu, verni ya kawaida inatosha, na Jumapili jioni inatoka.

Kwa hiyo jibu letu kwa likelemba ni hili: msinunue kwanza. Chagueni mmoja wenu mwenye mkono mtulivu, ajifunze kwa mtu anayeijua kazi, kisha mnunue taa moja nzuri pamoja. Tena kama mnafikiri kupaka wateja kwa feza, mafunzo hayo ni ya lazima, maana vidole vya mtu mwingine ni amana mikononi mwenu.

Tuonane juma lijalo.