Niachieni Ndoo Yangu

Siku niliyorudi nyumbani na jibu la daktari, wifi yangu alininyang'anya ndoo ya maji mkononi. "Wewe sasa ni mtu wa viungo," alisema. "Kaa." Nilikuwa na miaka 36 na bado nilikuwa nacheza netiboli. Baada ya ndoo ulifuata ufagio, kisha mchi, na mwezi haukuisha kabla sijabaki na kazi moja tu, ya kushika rimoti ya televisheni. Yote hayo yalifanywa kwa upendo. Imani kwamba mwenye baridi yabisi anatakiwa apumzike inalemaza watu wengi, na inawalemaza kwa mikono ya wale wanaowapenda.

Jina lenyewe limebeba imani hiyo. Baridi na yabisi, yaani ubaridi na ukavu, ni maneno ya tiba ya kale ya Wayunani iliyotufikia Pwani kupitia kwa Waarabu, tiba iliyoyapanga maradhi kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Ndiyo maana mpaka leo mgonjwa anaambiwa asikanyage sakafu peku, asioge maji ya baridi, asipigwe na upepo, avae soksi hata Januari, na hapa Tanga kila mtu anaijua Januari yetu. Sikatai kwamba siku za mvua wengi wetu tunaumia zaidi. Lakini baridi haiumbi ugonjwa huu. Tunaita baridi yabisi magonjwa mengi, na mawili tunayakuta sana: gegedu la kiungo kulika, na kinga ya mwili kugeuka na kushambulia utando wa ndani wa kiungo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kwanza, na milioni 18 na wa pili. Kati ya hao milioni 18, kama asilimia 70 ni wanawake. Upepo wa dirishani haukuwachagua.

Neno la pili, yabisi, lina ukweli ndani yake, ila tunalishika kinyume. Gegedu halina mishipa ya damu. Mlo wake unatoka kwenye ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapokandamizwa na kuachiwa, mithili ya sifongo, hatua kwa hatua. Anayeketi kutwa nzima analinyima gegedu lake chakula. Misuli ya paja inayolisaidia goti kubeba mzigo inanywea katika wiki chache tu. Goti lisilo na misuli linauma zaidi, kwa hiyo mtu anazidi kukaa, anaongezeka uzito, na kila kilo anayoongeza inalitwika goti kama kilo nne anapokanyaga. Mwaka ukipita majirani wanasema ugonjwa umemmaliza. Mimi nasema aliyemkausha ni kiti.

Najua jibu mtakalonipa: kukimbia kunamaliza magoti. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kulika kwa gegedu la goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na kwa asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia. Waliokimbia kwa ushindani mkali walifika 13.3. Hizo takwimu hazithibitishi kwamba mbio ni kinga, lakini zinatosha kuwanyamazisha wanaotufukuza barabarani.

Mwangalieni Caroline Wozniacki wa Denmark, mshindi wa Australian Open ya tenisi mwaka 2018. Mwaka huohuo aligunduliwa ana ugonjwa wa kinga kushambulia viungo, na baada ya kujua akatwaa taji la Beijing mwezi Oktoba. Alistaafu mwaka 2020, akazaa watoto wawili, akarudi uwanjani mwaka 2023 na kufika raundi ya nne ya US Open. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Ugonjwa huu usipotibiwa mapema unakula mifupa, na mafuta ya karafuu hayatauzuia. Nami nameza zangu. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto napunguza mzigo, nakinyoosha taratibu tu. Siku nyingine kipimo changu ni asubuhi inayofuata: maumivu yakiwa yameshatulia, naendelea, yakiwa yamezidi, nilipitiliza, napunguza. Hakuna siku ninayoacha kabisa.

Hasira yangu kubwa iko kwa wataalamu. Daktari wangu wa kwanza aliniandikia vidonge, akasema "pumzika", akaita mgonjwa mwingine. Hakunionyesha zoezi hata moja, wala hakutaja fiziotherapia. Kusimama na kuketi kwenye kigoda mara kumi hakuhitaji mashine wala umeme, na kumfundisha mtu ni dakika tano. Kwa nini tusipewe dakika hizo? Na vikundi vya jogging vinavyojaza barabara alfajiri za Jumamosi vianze kuwa na mstari wa watembeao, wenye kiongozi wao, ili mwenye goti bovu asiachwe njiani akarudi nyumbani kwa aibu.

Mama mkwe wangu ana miaka 68 na magoti yote mawili yanamsumbua. Tangu mwaka jana tunashuka naye baharini Raskazone, tunatembea maji yakiwa kifuani, kwa sababu maji yanambebea uzito. Mwanzoni alishika bega langu. Juzi tuliporudi alikwenda bombani, akajaza ndoo ndogo nusu, akaishika. Wifi alitoka mbio jikoni. "Mama, lete!" Mama akasema, "Niache mwanangu." Wifi akasimama pale mlangoni, mikono ameikunja kifuani, akamtazama mama yake akivuka ua wote mpaka kwenye pipa.