KIPANDE KIPYA NDANI YA KOMPYUTA

Ndugu Wafanyakazi,

Katika afisi zetu, toka Homa Bay na Oyugis mpaka Rongo na Migori, kazi nyingi sasa hufanywa kwa kompyuta. Basi yafaa tujue habari za programu ya namna mpya. Kila baada ya sekunde chache hupiga picha ya yote yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, huyasoma maneno na kuyaweka. Baadaye mtu huandika jina moja tu, na picha zote zenye jina hilo hutokea.

Iliyovuma sana ni Recall ya kampuni ya Microsoft. Ilitangazwa Mei 2024, watu wakapiga kelele, ikaahirishwa, ikatolewa Aprili 2025. Kelele zile zilileta faida: haianzi kupiga picha mpaka mwenye kuitumia akubali, na picha hufungwa humo humo ndani ya kompyuta yake. Lakini ziko programu nyingine zinazouzwa kwa waajiri, na picha zake humwendea msimamizi. Hizo ndizo twazisema leo.

Waajiri husema zazuia wizi na uvivu. Sisi hatumtetei mwizi. Lakini karani akibadili hesabu, mfumo mzuri wa hesabu huandika wenyewe ni nani aliyebadili na saa ngapi. Ya nini basi kupiga picha za mambo yote?

Mfikirieni karani wa kliniki. Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye wagonjwa wengi wa Ukimwi katika Kenya. Mbele ya karani yule pana jina la mgonjwa, majibu ya damu na dawa zake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 yaamuru siri hiyo ilindwe. Mgonjwa aliwaamini wanaomtibu. Hakumwamini msimamizi aliye mbali, wala fundi atakayekuja kutengeneza mashini. Siri ikitoka, wa kwanza kulaumiwa ni karani, na mgonjwa aweza kuacha kuja kuchukua dawa.

Jambo hili si geni kwetu. Kipande kililetwa kwa sheria ya mwaka 1915, mwanamume Mwafrika akakivaa shingoni, na ndani yake mwajiri akaandika habari za kazi na mshahara wake. Watu wa Nyanza waliokutana Lundha, Desemba 1921, walikilalamikia. Ubaya wake ulikuwa huu: habari ni za mfanyakazi, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa tajiri.

Leo tunazo sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, yalinda faragha. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kupatana na mwajiri kwa umoja wetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema mtu ajulishwe habari zake zitatumiwaje, na zisichukuliwe kupita zinazohitajiwa.

Kwa hiyo twataka mambo haya yaandikwe katika mapatano: programu hiyo isiwekwe kwa siri, isiguse kompyuta zenye habari za wagonjwa, na mfanyakazi asiadhibiwe kwa picha ambayo hakuonyeshwa akapewa nafasi ya kujibu.

Ndugu, ulizeni afisini mwenu kilichowekwa, mkamwarifu katibu wa tawi. Mmoja akiuliza peke yake ataitwa mkaidi. Tukiuliza sote tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.