Uliza Kabla Hujalipa: Somo Nililojifunza kwa Skuta ya Umeme



Siku chache kabla ya Krismasi iliyopita, kijana mmoja niliyemfundisha hapa Kirewa alinijia nyumbani jioni. Aliniamkia kwa adabu, akakaa, kisha akanipa simu yake. "Mwalimu," alisema, "naomba unisahihishie Kiswahili kabla sijautuma ujumbe huu." Ujumbe ulikuwa wa kumpelekea muuzaji aliyemwona mtandaoni, ambaye alidai kuwa ana duka Busia, upande wa Kenya. Kijana alitaka kununua skuta ya umeme inayojisawazisha yenyewe, ile ambayo vijana huiita hovabodi: ubao mfupi wenye gurudumu kila upande, ambao mtu husimama juu yake, akiinama mbele kidogo unakwenda, akijirudisha nyuma unasimama. Nia yake ilikuwa kuwakodisha watoto wakati wa sikukuu, mahali penye sakafu ya saruji.

Nilichukua simu, nikafanya kazi niliyosomea. Alikuwa ameandika "skuta yako kipya", nikaweka "skuta yako mpya". Alikuwa ameandika "nitatuma pesa zote leo", nikaona hapana kosa, nikaiacha. Nilimrudishia simu, nikamsifu kwa maendeleo yake. Upatanisho wa ngeli ulikuwa sawasawa. Wala sikumwuliza swali hata moja.

Bei ilikuwa shilingi 380,000 za Uganda. Fedha hizo mama yake alizikopa katika kikundi chao cha akiba, kwa ahadi kwamba zitarudi kabla shule hazijafunguliwa, kwa sababu karo ya binti yake ilizitegemea. Skuta ilifika kwa bodaboda, ndani ya boksi lisilo na jina la kampuni wala kijitabu cha maelezo. Watoto waliipanda siku mbili. Usiku wa tatu, ikiwa inachajiwa sebuleni, mama aliamka kwa harufu ya plastiki inayoungua. Aliichomoa, akaiburuta nje kwa mkeka iliyokuwa juu yake. Soketi ilikuwa imegeuka nyeusi na mkeka umetoboka. Nashukuru kwamba hakuna aliyeumia. Nambari ya muuzaji haikupatikana tena, na ukurasa wake ulikuwa umefutwa. Binti alirudi shuleni majuma matatu baada ya wenzake.

Tangu siku hiyo ninajiuliza: nilimfundisha nini kijana yule? Nilimfundisha kuandika sentensi isiyo na kosa la sarufi. Sikumfundisha kutumia sentensi hiyo kujilinda. Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo, na maoni yangu ni haya: mnunuzi asiyejua kuuliza hana haki, hata kama sheria imemwandikia haki kumi.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya skuta ya namna hii mna vihisio vinavyotambua mwinamo wa mwili, mota mbili zilizofichwa katika magurudumu, na betri ya lithiamu. Betri hiyo imeundwa kwa seli nyingi ndogo zilizounganishwa. Zikiwa zimetengenezwa vizuri na kulindwa na saketi inayozuia kuchajiwa kupita kiasi, zinatumika bila taabu. Zikiwa hafifu, seli moja ikipata joto kupindukia huipasha moto jirani yake, na hiyo nayo huipasha inayofuata, mpaka betri nzima inawaka. Moto huo huanza ghafla, nao ni mgumu kuuzima.

Usidhani jambo hili ni la kwetu tu. Mwaka 2015 skuta hizi zilienea duniani kwa haraka kuliko ukaguzi wake. Nchini Uingereza, hadi mwezi Desemba mwaka huo, wakaguzi wa biashara walikuwa wamechunguza zaidi ya skuta 17,000 zilizoingizwa nchini humo. Zaidi ya 15,000, yaani asilimia 88, zilizuiliwa kwa kuwa hazikuwa salama. Miongoni mwa kasoro walizozitaja ni plagi zisizo na fyuzi. Zingatia hilo, kwa maana sisi Uganda na majirani zetu wa Kenya tunatumia plagi ileile ya miguu mitatu itumikayo Uingereza. Mwezi huohuo mashirika kadhaa makubwa ya ndege ya Marekani yaliwakataza abiria kusafiri nazo. Tarehe 6 Julai 2016, tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa skuta zipatazo 501,000 za kampuni kumi, baada ya kupokea taarifa zisizopungua 99 za betri zilizopata joto, kutoa moshi, kuwaka au kulipuka. Mwaka uliofuata, katika mji wa Harrisburg, Pennsylvania, moto ulioanzia kwenye skuta iliyokuwa ikichajiwa ulichukua uhai wa mtoto mdogo.

Kuna kisa kimoja kati ya hivyo ambacho ningependa ukikumbuke zaidi. Mama mmoja katika eneo la Nashville, Tennessee, alinunua skuta kupitia Amazon mwishoni mwa mwaka 2015, ikiwa zawadi ya Krismasi kwa mwanawe. Mwezi Januari 2016 nyumba yao iliteketea. Familia ilipokwenda mahakamani, swali la kwanza lilikuwa swali ambalo mtu angedhani ni jepesi: muuzaji ni nani? Bidhaa ilikuwa imeuzwa na mfanyabiashara mwingine aliyetumia jukwaa la Amazon. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliamua kwamba, kwa sheria ya Tennessee, Amazon haikuwa muuzaji katika kisa hicho, ingawa iliruhusu dai jingine liendelee, kwamba haikuwaonya wanunuzi ipasavyo juu ya hatari iliyokwisha kuijua. Basi fikiri, msomaji: ikiwa familia yenye mawakili, katika nchi yenye mahakama tajiri, ilihitaji miaka kadhaa kubishania nani aliyeiuzia bidhaa, mama wa Kirewa mwenye nambari ya simu iliyozimwa atamshitaki nani?

Hata hivyo, si kweli kwamba sheria zetu zimetuacha uchi. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011. Sheria hiyo inamtaka anayeuza bidhaa kwa njia ya kielektroniki amweleze mnunuzi jina lake kamili, mahali alipo na nambari yake ya simu. Inampa mnunuzi pia nafasi ya kubatilisha ununuzi ndani ya siku 7 tangu kupokea bidhaa, isipokuwa kwa aina fulani za bidhaa zilizotajwa humo. Ng'ambo ya mpaka, Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa wanunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari wanazozihitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wao, na haki ya kufidiwa wanapopata hasara kwa sababu ya bidhaa yenye kasoro. Nchi zote mbili zina mashirika ya viwango, UNBS kwetu na KEBS kwao, yenye alama ambazo mnunuzi anaweza kuzitafuta juu ya bidhaa.

Lakini tazama haki ya kwanza katika orodha hiyo: kumjua muuzaji. Haki nyingine zote zimesimama juu yake. Huwezi kurudisha skuta kwa mtu asiye na mlango. Huwezi kudai fidia kwa jina la kubuni. Kwa hiyo muuzaji anayekataa kusema yeye ni nani hajakunyima habari moja tu. Amekunyima sheria nzima. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kununua mtandaoni na kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sisi wa mpakani tuna sababu zaidi ya kulielewa hili. Neno "bodaboda", ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku kwetu, wenye baiskeli walipokuwa wakiwabeba wasafiri kutoka mpaka hadi mpaka. Abiria wa zamani aliiona baiskeli kabla hajapanda. Aliweza kuuliza kama breki zinashika, na alimjua mwendeshaji kwa sura. Tangu mwaka 2018, pale Busia, kuna kituo cha pamoja cha mpakani ambapo maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, nawe ukivuka huulizwa utokako na uendako. Ila pesa ya simu haipiti kituoni. Inavuka usiku, kimyakimya, wala hakuna afisa wa kuiuliza inakwenda kwa nani. Swali hilo ni lazima uliulize wewe.

Najua wapo watakaosema: "Mwalimu, dawa ni rahisi, tusinunue mtandaoni." Sikubaliani nao. Anayeishi Kirewa akitaka kifaa ambacho hakipo Tororo wala Busia, safari ya Kampala peke yake inaweza kula faida yote. Mtandao umetufungulia mlango ambao awali ulikuwa wa watu wa mjini, na kuufunga kwa hofu ni kujiadhibu wenyewe. Wengine watasema tununue kwa wafanyabiashara wakubwa tu. Hilo linasaidia, lakini halitoshi, kwa maana kisa cha Nashville kinatuonyesha kwamba jina kubwa lililoandikwa juu ya ukurasa si lazima liwe jina la anayekuuzia. Wengine tena watasema bei nafuu ndiyo riziki ya maskini. Wahenga wetu walikwisha kujibu: rahisi huvunja upishi. Kikundi cha akiba cha mama yule hakikupata nafuu yoyote katika bei ile.

Sasa turudi kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yetu mimi na wewe. Kiswahili kina neno "arubuni", yaani malipo ya mwanzo anayotoa mnunuzi ili kuonyesha kwamba amekusudia kununua. Kina pia kitenzi "rubuni", yaani kumvuta mtu kwa hila ili akubali jambo. Sidai kwamba maneno haya ni ndugu. Nakuomba tu uyasikie pamoja. Muuzaji anapokuhimiza kwamba arubuni itumwe leo kwa sababu zimebaki mbili tu, jiulize kama unatoa arubuni au unarubuniwa. Jifunze vilevile maneno "stakabadhi", "dhamana", "kasoro" na "kurejesha". Haya si maneno ya mtihani pekee. Ni vifaa vya kazi, kama bisibisi kwa fundi.

Laiti kijana yule angekuja tena jioni ile, nisingegusa ngeli kwanza. Ningemwambia aandike hivi: "Ndugu muuzaji, jina lako kamili ni nani, na duka lako liko mtaa gani? Ninaye mtu Busia anayeweza kufika kuiona skuta kabla sijalipa. Je, utamruhusu aiwashe? Betri na chaja zimepimwa kwa kiwango gani, na alama ya kiwango hicho imebandikwa wapi? Naomba picha yake. Ikionekana kasoro ndani ya siku 7, nitairejesha wapi, na fedha zangu nitazipataje? Je, utanipa stakabadhi yenye jina lako?" Kwa skuta hizi kiwango kinachojulikana ni UL 2272, kilichotolewa mwaka 2016 baada ya mioto ile, nacho hupima mfumo mzima wa umeme, si betri peke yake. Na kifaa kikifika, kabla ya kukichomeka, geuza plagi uitazame baina ya miguu yake, au uifungue kama ina skrubu. Pasipokuwa na fyuzi, usiichomeke. Ikiwa kila kitu kiko sawa, chaji mchana, mbele ya macho yako, mbali na godoro na mkeka, uichomoe inapojaa.

Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Atayajibu, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayomtofautisha na mwizi. Atakayekasirika, au atakayejibu kwa kukuharakisha, amekwisha kukujibu.

Kijana yule ameanza kulipa deni la mama yake kidogo kidogo, kwa kutengeneza simu hapa senta. Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema, "Mwalimu, wewe ulisahihisha kilichokuwa kimeandikwa." Alisema hivyo kunifariji, lakini kosa langu ndilo hilohilo. Tangu muhula huu, wanafunzi wangu wanapoandika barua ya kibiashara, natoa alama kwa maswali waliyoyauliza kabla sijatoa alama kwa ngeli.

Nawe nakuachia kazi. Tafuta tangazo moja la bidhaa mtandaoni, lolote lile. Andika ujumbe wa mistari sita kwa muuzaji, kwa Kiswahili sanifu na cha heshima, ambamo kila mstari unauliza jambo ambalo tangazo limelinyamazia. Kisha usome mbele ya mzazi wako au mlezi wako, kwa sababu huenda fedha zitakazotumwa ni zake.