Gari la Marehemu na Oili Iliyofichwa



Ndugu wasomaji, safu yetu hii aghalabu huzungumzia malezi, ndoa na ujirani mwema. Juma hili tunaomba radhi kwa kuwapeleka gereji, kwani huko ndiko tulikoushuhudia mtihani wa uaminifu ulioishughulisha familia moja ya msikitini kwetu kwa muda wa karibu miezi miwili. Mama wa familia hiyo ameturuhusu tuyaeleze yaliyopita, kwa sharti kwamba tusitaje jina la mtu.

Marehemu mumewe, Allah amrehemu, aliacha mjane, kijana mmoja wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima, na mabinti wawili ambao mdogo wao ana miaka 9. Wazazi wake marehemu walikwisha kutangulia mbele ya haki. Baada ya gharama za mazishi na madeni kulipwa, mali kubwa iliyosalia ilikuwa gari la michezo aina ya Datsun 240Z, alilolinunua Mombasa katika miaka ya 1970 na kulitunza kwa mapenzi makubwa hadi maradhi yalipomzuia kulishika.

Vijana wa leo huenda wasilijue gari hilo, lakini wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka. Lilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari Rally, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena kwa gari la aina hiyohiyo. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ujazo wa lita 2.4. Gari lililopita katika tope na vumbi la nchi zetu na kuibuka la kwanza lilipata heshima ambayo haijafutika. Ndiyo maana hata leo wapo watu wanaolitafuta na kulilipia fedha nzuri.

Sheria ya mirathi iko wazi katika hali kama hii. Baada ya madeni na wasia, mali ikigawanywa mafungu 32, mjane hupata mafungu manne, ambayo ndiyo thumni yake. Kijana wa kiume hupata 14. Na kila binti hupata saba. Marehemu aliusia pia sehemu moja ya kumi ya thamani ya gari hilo iende kuezeka paa la madrasa yetu, kiasi ambacho hakifiki theluthi iliyoruhusiwa. Kwa hiyo tunakiri mapema: kamati yetu nayo ilikuwa na maslahi katika bei ya gari lile. Kila shilingi iliyoongezeka ilikuwa na bati letu ndani yake.

Tatizo lilikuwa moja. Gari lilivuja oili. Chini ya injini palikuwa na doa jeusi lenye upana wa sinia, na injini yenyewe ilifunikwa na tabaka la mafuta na vumbi lililoganda mfano wa lami. Dalali aliyeletwa kulitazama alitoa ushauri wake bila kusita. Injini ioshwe kwa mafuta ya taa hadi ing'ae, iwekwe oili nzito, ipigwe picha, na mnunuzi aitwe siku hiyohiyo. Hadi itakapoanza kutona tena, alisema, gari litakuwa limeshafika kwa mwenyewe.

Kijana alitufuata baada ya sala ya Isha. “Ustadhi,” akauliza, “kuosha injini ni haramu?”

Tulimjibu kwamba kuosha injini si haramu, bali ni katika usafi. Lakini tukamkumbusha kisa kinachojulikana cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono wake katika rundo la chakula, akakuta ndani kumelowa ilhali juu ni pakavu. Alimtaka muuzaji akiweke chakula kilicholowa juu ili watu wakione, na akatahadharisha kwamba mwenye kughushi hana nafasi katika mwenendo wake. Injini iliyooshwa ili mnunuzi asiione oili ni rundo lilelile. Juu pakavu, ndani pamelowa.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo lililotuchoma: “Lakini mdogo wangu ni yatima, Ustadhi. Nikiuza kwa bei ndogo, si nitakuwa nimemdhulumu yeye?” Hapa ndipo penye uzito wa mas-ala haya. Msimamizi wa mali ya yatima ameamrishwa kuitafutia yaliyo bora. Hata hivyo, yaliyo bora hayapatikani kwa kumlisha yatima fedha ya ghushi. Njia iliyobaki ilikuwa ni kuiondoa aibu ya bidhaa badala ya kuificha. Sheikh wetu aliposhauriwa, mama na kijana wake waliamua kuigharimia kazi hiyo kutoka mifukoni mwao, ili fungu la mtoto lisiguswe kwa ajili ya matengenezo ambayo matokeo yake hayakuwa na hakika.

Alitafutwa fundi makanika mtu mzima, mwenye subira. Jambo la kwanza alilofanya lilitushangaza: aliiosha injini, kama dalali alivyosema! Tofauti ilikuwa katika nia. Dalali alitaka kuosha ili uvujaji usionekane. Fundi aliosha ili uonekane unakotoka. Injini ikiwa imechafuka yote, alitueleza, huwezi kujua tone limeanzia wapi, kwa sababu oili huteremka chini, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Doa lililoko sakafuni aghalabu haliko chini ya tundu lake.

Injini ilikuwa baridi na betri imefunguliwa. Distributa, altaneta na midomo ya kabureta zote mbili vilifungwa kwa mifuko ya plastiki ili maji yasiingie. Tabaka nene lilikwanguliwa kwa kipande cha mti. Mengine yalisuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, nje penye hewa na mbali na moto. Petroli aliikataa katakata, kwani mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Kisha ikapita sabuni na maji, ikakaushwa vizuri.

Baada ya hapo alimwomba mama poda ya mtoto. Aliinyunyiza pembeni mwa injini, kwenye maungio yote, hadi ikawa nyeupe. Gari likawashwa, likaachwa lipate moto, likaendeshwa mwendo mfupi, likarudishwa. Binti mdogo ndiye aliyeshika tochi. “Kaka, hapa pamelowa,” akasema, akionyesha mstari mwembamba mweusi uliokata ndani ya weupe ule. Akaonyesha wa pili, na wa tatu. Sisi tuliosimama pale tulijua kwamba mtoto anahesabu kasoro za mali yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Michirizi hiyo ilianzia kwenye mfuniko wa juu unaofunika vali, pale kava la mbele linapokutana na silinda hedi, na kwenye ukingo wa sampu, yaani bakuli la oili lililoko chini. Sababu ilikuwa umri. Gasketi za kizibo na za karatasi hukauka na kusinyaa, na mipira ya sili huwa migumu ikapoteza uwezo wa kuubana mhimili unaozunguka. Gari linalokaa miaka bila kuendeshwa huharibika zaidi kwa njia hii kuliko linalotumika.

Kabla hajafungua bolti hata moja, fundi alikagua njia ya pumzi ya injini. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya pistoni kuingia tumboni, na gesi hiyo hutolewa kwa mpira na vali ndogo inayoirudisha kwenye njia ya hewa ili ichomwe. Vali ile ikiziba, gesi hukosa pa kutokea na huisukuma oili nje kupitia kila upenyo dhaifu. Ya gari hili ilikuwa imeganda kabisa. Angebadilisha gasketi zote na kuiacha hiyo, zingevuja upya muda si mrefu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya mikono na subira. Gasketi za zamani zilibanduliwa kwa kikwanguo cha plastiki, kwa kuwa silinda hedi ya injini hiyo ni ya alumini na chuma huichubua. Na kila mchubuko ni njia mpya ya oili. Matundu yalizibwa kwa vitambaa safi ili mabaki yasidondokee ndani. Sampu ni ya bati, na kingo zake zilikuwa zimebonyea kuzunguka matundu ya bolti, kwa sababu kila fundi aliyepita alidhani dawa ya kuvuja ni kukaza zaidi. Zilinyooshwa kwa nyundo ndogo juu ya ubao hadi zikalala sawa. Sili ya mbele ya krenkishafti ilibadilishwa, mdomo wake ukapakwa oili kwanza ili usiungue mara injini ikiwashwa. Silikoni ilitumika kidogo tu, kwenye pembe ambamo vipande viwili hukutana. Ikizidi, hujikunja kwa ndani, hukatika, na vipande vyake huweza kuziba chujio la pampu ya oili. Injini ikakosa oili, ikafa. Bolti zilikazwa kwa zamu, kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni.

Wenye kazi ya gereji wameshatuuliza mara nyingi kuhusu udhu, nasi tuliseme hapa. Oili ya injini si najisi kwa asili yake, lakini grisi na uchafu ulioganda wenye umbile juu ya ngozi huzuia maji kufika, hivyo ni lazima uondolewe kwanza. Ama mng'ao mwepesi wa mafuta usio na tabaka, huo hauzuii. Oili chakavu ina madhara kwa ngozi ikiguswa mara kwa mara, basi watoto wasiichezee. Wala isimwagwe mtaroni, kwani mwisho wake ni kisimani kwa jirani. Fundi wetu aliikusanya katika dumu na kuipeleka kwa wanaonunua oili chakavu. Ikiwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, itakuwaje kwa anayeutia mwenyewe?

Juma moja baadaye poda ilinyunyizwa tena. Juu pakabaki peupe. Mbele peupe. Kando ya sampu peupe. Lakini nyuma, pale injini inapoungana na giaboksi, tone moja lilining'inia. Hiyo ni sili ya nyuma ya krenkishafti. Kuifikia kunahitaji kushusha giaboksi, kufungua klachi na kutoa flaiwili, nayo fedha ya mama na kijana ilikuwa imekwisha.

Tutasema kweli kuhusu nafsi zetu. Usiku ule, katika kikao cha kamati, mmoja wetu alisema kwamba tone moja si kitu, na kwamba gari la umri ule lisilotona halipo. Hakuna aliyempinga mara moja, wala sisi tulioshika kalamu. Bati la madrasa lilikuwa machoni mwetu. Ilibidi mama mwenyewe, alipopata habari, atutumie ujumbe kwa kijana wake: “Waambieni wazee waandike.”

Tukaandika. Katika mkataba wa mauziano tuliorodhesha yaliyobadilishwa, kisha tukaandika kwamba sili ya nyuma inatona na haijatengenezwa. Mnunuzi wa kwanza alisoma, akarudisha karatasi, akaenda zake. Wa pili alilala chini ya gari na tochi, akalitazama tone, akalinganisha na karatasi. Alisema kwamba muuzaji aliyemwonyesha asilouliza, anaamini hajamficha alilouliza. Akalinunua, kwa bei iliyo chini ya ile dalali aliyoahidi, ingawa juu ya ile gari lingepata likiwa na tope lake. Fungu la binti mdogo limewekwa kwa jina lake. Paa la madrasa limeezekwa nusu. Nusu ya pili tutaitafuta kwa michango yenu, inshaAllah.

Tumefundishwa kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hiyo hufutwa. Wengi wetu tuna kitu cha kuuza mwaka huu: shamba, pikipiki, friji, au simu. Kabla ya kukisafisha, tujiulize tunasafisha ili nini kionekane.

Allah atujaalie tuwe wakweli katika mizani zetu, na awarehemu wazazi wetu waliotuachia mali na majina mema. Wabillahi tawfiq.