Usimlipe fundi wa netiweki kabla hujachomoa stima

Huku Matuga stima kupotea si habari. Waa, Tiwi, Ng'ombeni, kila mtu ameshazoea. Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 ilipotea karibu Kenya nzima. Mimi linaloniudhi ni lile la baadaye: stima inarudi, swichi inawaka taa zake za kijani vizuri kabisa, lakini hakuna kompyuta inayofika kwenye seva. Hapo simu zinaanza kunijia mimi mwandika programu. "Mfumo wako umekufa!" Nikisema si mfumo, lawama zinahamia kwa watu wa stima.

Mwenye kosa ni fundi aliyefunga ile swichi, akalipwa, akaenda zake.

Swichi za Cisco hutunza mipangilio mahali pawili. Inayotumika sasa hivi huitwa running-config na hukaa kwenye RAM, ambayo stima ikikatika inafutika. Inayosomwa wakati wa kuwaka huitwa startup-config, na hiyo haifutiki. Fundi akiandika amri swichi humtii papo hapo, kila mtu anafurahi, M-Pesa inatumwa. Lakini kama hakumalizia na copy running-config startup-config, kazi yote iko kwenye RAM tu. Yaweza kukaa hivyo mwaka mzima bila mtu kujua.

Mtu atauliza, kwa nini isijihifadhi yenyewe kama MikroTik? Mimi napenda ilivyo. Fundi aliye Mombasa akitaka kubadilisha swichi iliyoko Kwale anaanza na reload in 10. Akijifungia nje kwa bahati mbaya, baada ya dakika kumi swichi inajizima na kuwaka na mipangilio ya zamani. Amejiokolea safari ya feri ya Likoni! Asipojifungia, anaandika reload cancel na kuhifadhi.

Sasa yakikukuta, chomeka waya wa konsoli. Swichi ikikuuliza "Would you like to enter the initial configuration dialog?", basi haikupata mipangilio ya kusoma. Usikimbilie kuanza upya. Andika dir flash: kwanza. Kwenye Catalyst 2960, mtu aliyesahau nywila hubadilisha jina la faili config.text, mara nyingi kuwa config.old, ili aingie. Asipolirudisha jina, swichi itawaka tupu. Ukiiona config.old hapo, shukuru Mungu, mipangilio yako i hai. Kwenye rauta, kinachofanana na hicho ni namba 0x2142 mwisho wa show version. Ya kawaida ni 0x2102.

Kuna moja huwachanganya wengi. Ukiandika show vlan brief unaziona VLAN zako zote, ukadhani mipangilio ipo. Kwa kawaida VLAN huandikwa kwenye faili lake, vlan.dat, kwa hiyo zenyewe hubaki. Tazama milango: yote imerudi VLAN 1. Ndiyo maana kompyuta zinajipa anwani za 169.254.

Wengine husema dawa ni UPS. UPS ni nzuri, nunua, lakini hapa inaficha ugonjwa tu. Siku betri yake itakapochoka, fundi hashiki simu tena.

Kwa hiyo wewe mwenye shule, zahanati au hoteli, siku ya kukabidhiwa kazi chomoa swichi mbele ya fundi, ile waya yenyewe, si ya UPS. Hesabu hadi kumi, rudisha. Catalyst za zamani huchukua dakika kadhaa kuwaka, usishtuke. Kila kitu kikirudi, dai nywila na nakala ya mipangilio kwenye flashi, ni faili dogo la maandishi, kisha ndiyo ulipe. Fundi akisema hakuna haja, mletee chai anywe, wewe chomoa.