Kina cha Ndoana: Kukisia au Kukokotoa?

Miongoni mwa njia za kuvua samaki ziwani kwa chombo kidogo, hakuna idhaniwayo kuwa rahisi kama ile ya kukokota mshipi. Mvuvi huachilia nyuma ya mashua mshipi wenye ndoana na chambo, mashua ikaendelea na safari yake polepole, naye akangoja samaki avutwe na chambo kinachopita. Kwa mtazamaji aliye ufukoni, kazi hiyo haihitaji elimu yoyote ila subira na bahati. Ndiyo sababu watu wengi huihesabu kuwa mchezo wa wageni wenye nafasi, wala si jambo linalostahili kuingia darasani.

Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Mshipi unaokokotwa una swali moja kubwa ambalo mvuvi halioni kwa macho: ndoana iko kina gani? Katika swali hilo hukutana fizikia, hisabati na biolojia, na jibu lake lina uhusiano wa karibu na uhai wa samaki wachanga. Asiyejua kina cha ndoana yake hajui anamvua nani.

Mfano ulio bora ni sangara wa Ziwa Viktoria. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuenea ziwa zima na kuzimaliza aina nyingi za furu. Sangara ni mlaji wa samaki wengine. Hufuata kitu kinachokwenda, na kwa hiyo hudanganyika upesi kwa chambo bandia cha mti au plastiki kinachotikisika kama samaki aliyejeruhiwa. Mwili wake waweza kuwa mkubwa ajabu: mwaka 2000 sangara wa kilo 104 alivuliwa kwa ndoana katika Ziwa Nasser nchini Misri. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, wageni humvua kwa mshipi unaokokotwa, na mashua ndogo yatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Yafaa kwanza kuvitazama vifaa vyenyewe. Mshipi ukokotwao huzamishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufunga chubwi, yaani kipande cha risasi au chuma. Njia ya pili ni kutumia chambo bandia chenye bapa dogo lililoinama chini ya mdomo wake; maji yakilipiga bapa hilo, hukisukuma chambo kwenda chini. Vifaa hivi viwili hufanya kazi moja, lakini tabia zao zinapingana. Mashua ikiongeza mwendo, chubwi hupanda juu, ambapo chambo chenye bapa, mpaka kufikia kiasi fulani, hushuka zaidi. Mashua ikisimama, chubwi huzama mpaka chini kabisa, na chambo cha mti huelea juu. Mvuvi asiyetambua tofauti hii aweza kuongeza mwendo akitumaini kuishusha ndoana yake, kumbe anaipandisha.

Sababu yake si fumbo. Chubwi lililo mwisho wa mshipi huvutwa na kani mbili: uzito wake majini, unaolivuta chini, na ukinzani wa maji, unaolivuta nyuma. Pembe ambayo mshipi hufanya na uso wa maji hutokana na uwiano wa kani hizo mbili. Tanjenti ya pembe hiyo ni uzito ukigawanywa kwa ukinzani. Sasa, ukinzani wa maji hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidishwa mara mbili, ukinzani huzidi mara nne.

Hebu ichukuliwe mashua iliyoachilia mita 40 za mshipi mwembamba, na katika mwendo wake wa kawaida uzito na ukinzani ni sawa. Pembe ni nyuzi 45, na chubwi liko karibu mita 28 chini ya uso wa maji. Nahodha akizidisha mwendo mara mbili, tanjenti ya pembe inakuwa robo moja tu. Pembe inapungua hadi nyuzi 14, na chubwi linapanda hadi kina kisichofika mita 10. Akipunguza mwendo kuwa nusu ya ule wa kwanza, tanjenti inakuwa 4, na chubwi linashuka hadi karibu mita 39. Mshipi ni ule ule, urefu ni ule ule, chubwi ni lile lile. Lakini ndoana imehama kutoka chumba kimoja cha ziwa hadi kingine. Ni kweli kwamba mshipi wenyewe nao hukinzana na maji na kujipinda, hivyo hesabu hii hukadiria tu. Hata hivyo kadirio lenye msingi ni bora mara nyingi kuliko kubahatisha.

Hesabu hiyo hueleza pia jambo ambalo wavuvi hodari hulijua kwa uzoefu. Mashua inayokokota mishipi miwili ikipinda kulia, mshipi wa kulia hupunguza mwendo na kuzama, na ule wa kushoto huongeza mwendo na kupanda. Samaki akishika upande wa ndani wa kona, ametoa habari kwamba yuko chini zaidi au apenda mwendo wa polepole. Akishika upande wa nje, habari ni kinyume chake. Kona moja, kwa mtu mwenye kufikiri, ni jaribio la kisayansi lenye vielelezo viwili vya kulinganishwa.

Hata mwendo wa mashua hupimika bila chombo cha thamani. Kigunzi cha muhindi hutupwa majini kwenye omo, na sekunde zikahesabiwa mpaka kifike usawa wa tezi. Mashua ya mita 6 ikikipita kwa sekunde 4, mwendo wake ni mita 1.5 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya kilometa 5 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, nao wafaa sana kwa kazi hii.

Uchaguzi wa chubwi nao ni somo. Kwa kanuni ya Arkimedi, risasi ya gramu 500 ikitiwa majini hubaki na uzito wa gramu 456 hivi. Chuma cha gramu 500 hubaki na karibu gramu 436. Jiwe la kawaida hubaki na gramu 315 tu, na tena, kwa kuwa ni kubwa zaidi, hukinzana na maji kuliko vyote. Ndiyo maana risasi imependwa. Lakini risasi ni sumu, na kila chubwi linalokatika hubaki ziwani. Tofauti ya gramu 20 kati ya risasi na chuma ni ndogo mno kuhalalisha sumu hiyo, chuma chatosha.

Baada ya kujua jinsi ya kuiweka ndoana mahali inapotakiwa, swali linalofuata ni wapi inapotakiwa. Hapo biolojia yaingia. Ziwa Viktoria si maji ya namna moja kutoka juu hadi chini. Katika sehemu kubwa ya mwaka, tangu karibu Oktoba hadi Mei, maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji baridi bila kuchanganyika nayo, na katika sehemu zenye kina kirefu maji ya chini hupungukiwa na oksijeni. Sangara huhitaji oksijeni kwa wingi, hivyo huyakimbia maji hayo. Pepo za kusini-mashariki zivumapo katikati ya mwaka, ziwa huchanganyika, na samaki hupata nafasi ya kushuka tena. Mvuvi anayeshusha ndoana yake mita 50 mwezi wa Machi kwa kuamini kwamba samaki wakubwa hukaa chini kabisa, huenda anavua katika nyumba isiyo na mtu.

Jambo zito kuliko yote ni hatima ya sangara wachanga. Kwa miaka mingi nchi tatu zinazolizunguka ziwa zimetumia kipimo cha sentimita 50 kuwa urefu wa chini wa sangara anayeruhusiwa kuvuliwa, kwa sababu wengi walio chini ya urefu huo hawajazaa bado. Watetezi wa ndoana husema kwamba ndoana haina lawama katika jambo hili: mtoto akishikwa, hurudishwa majini akiwa hai. Maneno hayo yapendeza, lakini sayansi hayakubali yote.

Sangara ana kibofu cha hewa kisicho na njia ya kutolea hewa kwa haraka. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kuliko pwani. Kwa kanuni ya Boyle, samaki anayepandishwa upesi kutoka kina cha mita 10 hewa yake ya kibofuni hutaka kutanuka mara mbili na zaidi. Akitoka mita 20, zaidi ya mara tatu. Viungo vyake vya ndani hubanwa, tumbo huweza kusukumwa mpaka kinywani, naye akirudishwa majini huelea ubavu mpaka ndege wamfikie. Aliyemrudisha huondoka na dhamiri safi. Ziwa halipati faida.

Kwa hiyo uamuzi wa kumhurumia samaki mchanga hautakiwi kungoja mpaka afike mkononi. Hufanywa kabla ya ndoana kuzama: kwa kuchagua mahali, kina, mwendo, ukubwa wa ndoana na wa chambo. Chambo kikubwa hupunguza idadi ya watoto wanaoshika, ingawa hakiwazuii wote, kwa maana sangara ni mlafi. Mvuvi mwenye daftari, aandikaye kina na mwendo na urefu wa kila samaki, akiona watoto watatu mfululizo katika kina kimoja, ana sababu ya kupandisha mshipi na kuhama. Asiyejua kina chake hawezi hata kujua ametoka wapi.

Wako watakaopinga kwamba mshipi ukokotwao hauwezi kulisha miji ya kando ya ziwa, ambayo hutegemea nyavu za makila na mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Hilo ni kweli, wala hakuna haja ya kudai vinginevyo. Petroli ni ghali, na samaki huja mmoja mmoja. Lakini faida ya njia hii kwa shule si wingi wa samaki. Ni uwazi wa somo. Kijana aliyejifunza kwa mshipi mmoja kwamba kina, mwendo na ukubwa wa chombo huamua ni samaki gani atakayekufa, ataelewa bila kuhubiriwa kwa nini macho ya wavu yapimwe na kwa nini kokoro likatazwe.

Wengine watasema kwamba wavuvi wazee hawakusoma tanjenti, na walivua. Naam, walivua, na maarifa yao ni hazina. Lakini mzee aliyejifunza kwa miaka 40 alijifunza katika ziwa ambalo halipo tena kama lilivyokuwa. Kijana hana miaka 40 ya kungoja. Elimu ya darasani haiji kuyafukuza maarifa ya mzee, bali huja kuyaeleza, ili yaweze kupimwa na kurithiwa.

Walimu wa shule za sekondari za Mwanza, Musoma, Bukoba na Kisumu wana maabara isiyo na ada mlangoni pao. Mahitaji ni mshipi uliotiwa alama kila mita 5, kipande cha chuma, kipimapembe, saa, na bildi ya kupimia kina cha kweli. Wanafunzi wapigie hesabu kina cha chuma, kisha wakikokote kuelekea maji machache mpaka kiguse chini, na walinganishe hesabu yao na bildi. Tofauti watakayoiona ndiyo itakayowafundisha kuhusu ukinzani wa mshipi wenyewe. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea, asiwepo afungaye mshipi mkononi au mguuni, na mashua isigeuzwe ubavu wake ukaelekea mawimbi.

Ziwa limekwisha kulipa gharama kubwa kwa mambo yaliyofanywa kwa kukisia. Haitakuwa vema kizazi kinachosoma hesabu kando ya maji hayo kiendelee kukisia, ilhali penseli iko mkononi.